Kuhamisha Sahani za Santuri Kwenye Kompyuta: Vifaa vya Kununua na vya Kuepuka

Ukifungua makabati ya nyumba za zamani hapa Mombasa, kuanzia Kibokoni na Guraya hadi Majengo na ng'ambo ya Likoni, hukosi kukuta sahani za santuri. Kuna zile nzito za mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika, za zama za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Kuna ndogo za 45 za taarabu zenye lebo ya Mzuri, iliyokuwa ya duka la Assanand la papa hapa mjini. Na kuna zile kubwa za 33⅓, ziitwazo LP: za filamu za Kihindi, za Kiarabu, za rumba la Kongo. Nyingi kati ya nyimbo hizo hazijapata kuingia kwenye CD wala mtandaoni, na hewa ya pwani haizihurumii. Ndiyo maana naona kazi ya kuzihamisha isingojee mwaka kesho.

Tatizo ni kwamba wengi huianza upande usio wake. Mtu hununua laptopu mpya na programu ya bei, halafu sahani ya babu yake anaichezea kwenye kijisanduku cha plastiki chenye spika mbili ndogo. Sauti husafiri hivi: kutoka kwenye mfereji wa sahani huingia kwenye sindano na kartriji (kifaa kidogo kinachoishika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme), kisha priamplifaya (kikuzaji cha kwanza cha sauti), kisha kibadilishi kinachoigeuza kuwa tarakimu, na mwisho kompyuta. Kile ambacho sindano haikukiokota, hakuna kompyuta itakayokirudisha. Kwa hiyo pesa zako zianze kwenye sindano, na kompyuta ipate kitakachobaki.

Hatua ya 1: Zijue sahani zako kabla ya kwenda dukani

Zitoe zote, uzipange kwa mwendo. Hili ndilo litakaloamua ununue nini. Ukiwa na LP na 45 pekee, kazi ni nyepesi. Ukiwa na 78 hata chache, unahitaji mashine yenye mwendo huo na sindano ya pili, kwa sababu mifereji yake ni mipana kuliko ya sahani zilizofuata. Sindano ya kawaida ya LP ina ncha yenye nusu kipenyo cha takriban mikromita 18; ya 78 ni takriban 75. Sindano nyembamba ikiwekwa kwenye 78 huzama hadi chini ya mfereji, mahali penye taka za miaka mingi, na unachosikia ni mkwaruzo mtupu. Ile nene hukaa juu zaidi kwenye kuta, penye sauti yenyewe.

Tazama pia zimetengenezwa kwa nini. Nyingi ya zile za 78 ni za shelaki, ngumu, nzito, zinazovunjika kama kigae. LP na 45 nyingi ni za vinili, ambazo hupinda. Tofauti hii ni muhimu wakati wa kuosha: spiriti huyeyusha shelaki. Sahani ya 78 usiiguse kwa spiriti wala kwa dawa yoyote yenye alkoholi. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya betri au ya duka la dawa, na tone moja la sabuni ya vyombo. Kitambaa kiwe laini kisichoacha nyuzi, ufute kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usuuze kwa maji hayo hayo yasiyo na sabuni, na lebo isilowe. Maji ya kisima ya hapa kwetu yana chumvi. Yakikauka huiacha ndani ya mfereji.

Ukungu ule mweupe unaoota kwenye sahani zilizokaa kwenye sanduku la chini karibu na ukuta wenye unyevu, utoe kabla sindano haijapita. Sindano inayopita juu ya ukungu huukusanya na kuukokota sahani nzima.

Hatua ya 2: Mashine ya santuri

Hapa ndipo penye kufikiriwa kuliko pote.

Vile vijisanduku vyenye mpini, vinavyouzwa kama pambo, viache. Vingi vina kartriji ya kauri inayokandamiza sahani kwa uzito wa karibu gramu 5, mkono wake hauna uzani wa kurekebisha, na sahani hucheza ikiyumba. Kartriji nzuri ya kisasa hutaka takriban gramu 2. Kwa kusikiliza sahani ya kuokota sokoni, sawa. Kwa sahani iliyobaki moja katika ukoo, hapana.

Unachotaka ni mashine yenye mkono ulio na uzani wa nyuma unaozungushwa, kartriji inayoweza kubadilishwa, na sahani ya chini nzito inayozunguka bila kuyumba. Katika mashine mpya, Audio-Technica AT-LP120XUSB ni mfano mzuri kwa kazi hii: ina mwendo wa 33⅓, 45 na 78, ina priamplifaya ndani inayoweza kuzimwa, na ina tundu la USB. Ndugu yake mdogo, AT-LP60XUSB, ni rahisi kutumia lakini haina 78 na mkono wake haurekebishiki. Ukiwa na LP tu inaweza kukutosha.

Mtumba unaweza kukupa mashine bora zaidi kwa pesa ndogo. Technics SL-1200, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1972, bado inafanya kazi kwenye klabu na redio duniani kote. Lakini kabla hujatoa pesa, igeuze mashine uangalie kibati cha nyuma kilichoandikwa volti na Hz. Zinazotoka Uingereza au Dubai huwa za 220 hadi 240V na 50 Hz, sawa na stima yetu. Zinazotoka Japani ni za 100V, za Marekani ni 120V. Muuzaji atakuambia, "Tia transfoma tu, itakwenda." Transfoma itapunguza volti, lakini haibadilishi Hz. Mashine za zamani zenye mota ya AC hufuata mapigo ya stima: mota iliyopangwa kwa 60 Hz ikilishwa 50 Hz huzunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za mwendo wake. Sahani ya 33⅓ itazunguka takriban mara 27.8 kwa dakika, na mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume mgonjwa. Mashine ya mota ya DC, au ile inayodhibitiwa na kwatsi (kioo kinachoshika mwendo, kama kwenye saa), haina shida hiyo. Kwake transfoma inatosha.

Baada ya hapo ishike. Mkono wake uusukume kwa kidole juu na chini, kushoto na kulia, uende bila kukwama na bila kulegalega kwenye egemeo lake. Ikiwa ni ya mkanda, vua sahani ya chini uutazame mpira: joto la hapa hulegeza mikanda hadi ikawa kama utomvu. Mkanda mpya ni kitu cha bei ndogo, kwa hiyo usiikatae mashine kwa ajili yake, lakini bei ipungue. Mashine yenye vitone pembeni na taa ndogo inakupa kipimo cha bure: mwendo ukiwa sawa, vitone vya 50 Hz huonekana vimesimama. Vikitambaa polepole upande mmoja, kuna kitufe cha kurekebisha. Vikirukaruka, mota au umeme wake una kasoro, mwachie mwenye duka.

Ukiwa na sahani chache za 78 na mashine isiyo na mwendo huo, kuna njia ya mzunguko. Weka sindano ya 78, rekodi kwa 45, kisha uongeze kasi ndani ya kompyuta. Programu ya Audacity ina amri ya kubadili kasi ambapo unachagua kutoka 45 kwenda 78 moja kwa moja. Besi na sauti nyembamba hazitakaa sawasawa kama zingekuwa zimechezwa kwa mwendo wake, kwa hiyo utahitaji kurekebisha toni baadaye. Kwa sahani tatu nne, njia hii inakubalika. Kwa sanduku zima, tafuta mashine yenye 78.

Hatua ya 3: Kartriji na sindano

Sindano usiinunue ikiwa imetumika, hata ukiambiwa ni ya jana. Iliyolika huonekana sawa kwa macho, lakini hukwangua kuta za mfereji kila inapopita, na ule mkwaruzo haufutiki tena. Ukinunua mashine ya mtumba, weka kando pesa za sindano mpya kabla hujaanza kupatana bei.

Kartriji za aina ya sumaku inayosogea, zinazoandikwa MM, ndizo za kutafuta. Sindano yake huchomolewa na kuchomekwa nyingine kwa vidole, bila fundi. Katika ukoo wa Audio-Technica VM95, mwili mmoja hupokea sindano mbalimbali: ya mviringo, ya duaradufu, hata ya 78. Hilo ndilo ninalolipenda, maana mtu mwenye sahani mchanganyiko hununua mwili mmoja na sindano mbili. Ya duaradufu, kama ya AT-VM95E, huokota vizuri zaidi sauti nyembamba za mwisho wa upande wa LP. Mtengenezaji huikadiria saa 300 za kucheza. Ya mviringo hufika 500 na huvumilia zaidi sahani zilizochakaa. Kwa 45 za taarabu zilizochezwa kwenye harusi kwa miaka, naichagua ya mviringo bila kusita.

Uzito upimwe. Kuna mizani midogo ya dijitali ya kazi hii, rahisi kuagiza. Bila mizani, toa nguvu ya kuzuia mkono kuvutwa ndani, zungusha uzani wa nyuma mpaka mkono uelee sambamba na sahani, weka alama isome 0, kisha uzungushe hadi namba ya kartriji yako. Kwa AT-VM95E ni gramu 2. Sindano za 78 mara nyingi hutaka zaidi. Fuata karatasi iliyomo ndani ya boksi. Usipunguze uzito kwa kuihurumia sahani: sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuumiza zaidi kuliko ile iliyokaa sawasawa.

Hatua ya 4: Priamplifaya ya fono

Kartriji ya MM hutoa milivolti 3 hadi 5 tu. Tundu la kawaida la amplifaya au la kibadilishi hutarajia mamia ya milivolti. Lazima kiwepo kifaa cha kuongeza sauti hiyo takriban mara 100, na kifaa hicho kina kazi ya pili ambayo watu huisahau. Sahani inapokatwa, besi hupunguzwa kwa makusudi na sauti nyembamba huongezwa. Bila hivyo mifereji ya besi ingekula nafasi yote ya sahani, na sauti nyembamba zingemezwa na mkwaruzo. Wakati wa kucheza lazima virudishwe. Kanuni ya kufanya hivyo ni RIAA, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954 na kufuatwa na karibu kila kampuni baadaye. Ukisikia rekodi ya santuri iliyo kali, nyembamba, isiyo na besi hata chembe, jua mtu ameruka hatua hii.

Kabla hujanunua, angalia nyumbani. Amplifaya nyingi za zamani, zile za Kenwood, Pioneer, JVC na wenzao zilizokaa sebuleni zikifunikwa kitambaa, zina tundu la nyuma lililoandikwa PHONO. Hiyo ni priamplifaya tayari, na mara nyingi ni nzuri kuliko za bei rahisi za leo. Mashine ichomekwe PHONO, na waya wa kwenda kwenye kompyuta utoke tundu la TAPE OUT au REC OUT. Sauti ya tundu hilo haiathiriwi na kitufe cha sauti, kwa hiyo unaweza kusikiliza kwa upole usiku huku ukirekodi kwa kiwango kamili. Kamwe usichukue sauti kwenye matundu ya spika kuipeleka kwenye kompyuta. Nguvu yake inaweza kuunguza kibadilishi.

Amplifaya hizo zina ugonjwa mmoja wa pwani: chumvi na unyevu hula vitufe na matundu, upande mmoja ukapotea au ukakwaruza unapogusa kitufe. Fundi wa redio mwenye dawa ya kusafishia vifaa vya umeme ataimaliza kazi hiyo upesi. Mwambie asafishe swichi ya kuchagua chanzo na matundu ya RCA (yale ya mviringo ya nyuma, ya kushoto na kulia), siyo kitufe cha sauti peke yake.

Na hakikisha priamplifaya haziwi mbili. Mashine yenye priamplifaya ndani ikichomekwa kwenye tundu la PHONO, sauti itakuzwa mara mbili na kupasuka. Swichi ya nyuma ya mashine iwe PHONO ukitumia priamplifaya ya nje, LINE ukitumia ya ndani.

Hatua ya 5: Kibadilishi, au kadi ya sauti ya nje

Tundu la maikrofoni la laptopu lisahau. Kwenye laptopu nyingi ni la mono, limetengenezwa kwa maikrofoni ndogo, linapeleka volti kidogo kwenye waya, na limezungukwa na kelele za umeme wa kompyuta yenyewe. Kompyuta za mezani za zamani huwa na tundu la buluu la kuingizia sauti. Hilo ni la stereo na linafaa kwa kuanzia, ingawa kelele yake hutofautiana.

Kwa kifaa cha nje naziona njia tatu. Ya kwanza ni USB iliyomo kwenye mashine yenyewe, kama AT-LP120XUSB. Waya mmoja na umemaliza. Kibadilishi chake ni cha biti 16, na huna kitufe cha kupunguza sauti kabla haijabadilishwa. Ya pili ni kijisanduku chenye priamplifaya na kibadilishi pamoja, kama Behringer UFO202 au ART USB Phono Plus. Hii ndiyo njia ya bei ndogo ninayoipendekeza kwa mtu mwenye mashine nzuri isiyo na USB. Ukiwa na ile amplifaya ya sebuleni, hata UCA202, isiyo na priamplifaya, itakutosha.

Ya tatu ni kibadilishi cha studio, kama Focusrite Scarlett 2i2, kikitanguliwa na priamplifaya. Hapa unapata biti 24 na kitufe cha kupimia sauti kwa kila upande. Kwa sahani adimu, ningebana matumizi mengine nifike hapa. Lakini ujue nyaya zake. Matundu yake ni ya plagi kubwa ya milimita 6.35, siyo RCA, na kila upande una tundu lake. Unahitaji waya wenye RCA mbili upande mmoja na plagi mbili kubwa za mono upande wa pili. Dukani huenda ukapewa waya wenye plagi moja ya stereo. Ukiichomeka kwenye tundu moja, sauti ya kushoto na ya kulia zitaingia pamoja zikiondoleana, na waimbaji waliowekwa katikati watafifia. Tundu liwe kwenye Line, siyo Inst, na kitufe cha 48V kizimwe.

Kuhusu biti (usahihi wa kila kipimo cha sauti) na kHz (maelfu ya vipimo kwa sekunde), usisumbuliwe na namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Biti 16 zinabeba tofauti ya desibeli 96 kati ya kimya na kelele. Sahani nzuri ya vinili haivuki sana 70. Faida ya 24 ni nafasi: unaweza kurekodi kwa kiwango cha chini, salama, bila kupoteza kitu, na kishindo cha ghafla cha ngoma kisikupasukie. IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, katika mwongozo wake wa TC-04 inataka biti 24 na angalau 48 kHz, na 96 kHz kwa kazi ya kumbukumbu. Mimi hushika 24 na 96 kwa sahani ambazo sidhani nitaziona tena, 24 na 48 kwa nyingine zote. 192 kHz hujaza diski tu.

Hatua ya 6: Kompyuta

Ile uliyo nayo inatosha. Stereo ya biti 24 kwa 96 kHz ni megabiti 4.6 kwa sekunde, USB 2.0 hubeba 480. Laptopu yenye RAM ya 4 GB itafanya kazi hii bila kutoka jasho. Kinachohitajika ni nafasi: dakika moja ya 24/96 ni takriban MB 35, kwa hiyo LP ya dakika 40 ni karibu GB 1.4, na Audacity ikiwa kazini hula zaidi ya hapo. Audacity ni ya bure na inafanya kila kitu kilichotajwa hapa. Chomeka kibadilishi moja kwa moja kwenye laptopu, siyo kupitia kigawanyaji cha USB, na kwenye mipangilio ya sauti ya Windows zima kila kinachojiita uboreshaji wa sauti.

Hatua ya 7: Stima, athi (waya wa ardhini) na mahali pa kuweka

Mvumo mzito unaosikika chini ya muziki ni stima ya 50 Hz. Mara nyingi dawa yake ni ule waya mwembamba unaotoka nyuma ya mashine pamoja na zile RCA mbili, wenye ncha ya chuma iliyo wazi. Ukaze kwenye skrubu ya GND ya priamplifaya au amplifaya. Watu huukata wakidhani ni waya wa ziada. Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Chaja nyingi, hasa zisizo za asili, hupitisha kelele. Betri inakufaa kwa jambo jingine pia: stima ikipotea katikati ya sahani, mashine itasimama lakini kazi uliyokwisha rekodi haitapotea. Na kama soketi za nyumba hazina athi ya kweli, jambo la kawaida katika nyumba za zamani, mwite fundi wa umeme airekebishe. Hilo ni la usalama wako kwanza, la sauti baadaye.

Mashine ikae juu ya meza nzito iliyosawazishwa kwa pima-maji, karibu na ukuta, siyo katikati ya sakafu ya mbao inayotikisika mtu anapopita. Malori ya bandarini hutikisa nyumba za barabarani kiasi cha kusikika kwenye rekodi. Spika zizimwe usikilize kwa hedifoni, kwa sababu sauti ya spika hurudi kwenye sindano. Feni ya dari izimwe kwa muda wa kurekodi: inashusha vumbi juu ya sahani ambayo umetoka kuiosha.

Hatua ya 8: Jaribio la kifaa kizima

Chagua sahani ambayo hata ikiharibika huumii. Anza kwa kurekodi nusu dakika sindano ikiwa juu, haijagusa sahani. Unaposikiliza kwa sauti kubwa, kusiwe na mvumo wala filimbi nyembamba. Kisha cheza sehemu yenye kelele kuliko zote, pale fidla na waitikiaji wanapoingia pamoja, upange kiwango kisivuke –6 dB. Vishindo vya mikwaruzo vikipita hapo si neno, muziki usipite.

Angalia pande zote mbili zinaingia. Rekodi kwa stereo hata kama sahani ni ya mono, kama zilivyo 45 nyingi za taarabu. Kuta mbili za mfereji hazichakai sawasawa, na ukiwa na zote mbili unaweza baadaye kuchagua ile safi, au kuzichanganya kuwa mono, jambo linalofuta sehemu ya mkwaruzo peke yake. Ukiona upande mmoja uko chini sana, badilishana RCA ya kushoto na ya kulia kwenye priamplifaya. Udhaifu ukihamia upande wa pili, tatizo liko kwenye kartriji au waya wake. Ukibaki palepale, liko kwenye priamplifaya au kibadilishi. Ndivyo utakavyojua ni kifaa gani cha kurudisha dukani.

Kila kitu kikiwa sawa, rekodi upande mzima bila kusimamisha, hifadhi faili hiyo kama WAV au FLAC ya biti 24, na usiiguse tena. Kusafisha mikwaruzo, kuunganisha sehemu ya 1 na ya 2 za wimbo mrefu wa taarabu uliokatwa kati ya pande mbili, kutengeneza MP3 za kutuma kwa jamaa, yote hayo yafanyike kwenye nakala. Programu za kuondoa mikwaruzo huchukua pia ncha za sauti za ala za nyuzi, kanuni na gambusi, usipoangalia, na za miaka ijayo zitakuwa bora kuliko za leo.

Piga picha lebo za pande zote mbili kabla hujairudisha sahani kwenye jalada lake. Nyingi zina jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino, mara nyingine kwa hati za Kiarabu, maana sahani ziliazimwa harusini na ilibidi zirudi kwao. Nakili pia namba iliyokwanguliwa kwenye sehemu laini karibu na lebo. Kwa namba hiyo mtafiti anaweza kutambua rekodi hata lebo ikiwa imefutika. Jina la faili liwe na msanii, wimbo, lebo, namba na upande. Picha na sauti zikae folda moja, kwenye diski mbili za nje, na ya pili uiweke nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu yako wa Kisauni au wa Nairobi. Flashi ni ya kubebea, siyo ya kuhifadhia. Sahani zenyewe zisimame wima kabatini, mbali na ukuta unaotoa jasho.